Umepima nini?

Kuna sentensi moja ambayo sisi vijana wa mjini tumeigeuza kuwa cheti. "Mimi nimepima, niko safi." Utaisikia kwa jamaa anayembembeleza binti. Utaisikia kwa wachumba wanaokaribia kutangazwa kanisani. Utaisikia hata kwa wasomi wenye digrii zao wakibishana kijiweni. Ukishaisema hiyo, mjadala umekwisha. Kondomu zinarudi kwenye droo na maisha yanaendelea.

Swali langu leo ni dogo tu: umepima nini?

Nimekuwa nikiwauliza washikaji na dada zangu, na wengi wananijibu kitu kimoja: ngoma. Yaani virusi vya UKIMWI, basi. Haya, na kaswende je? Kisonono? Klamidia? Hapo mtu anakutazama kama umemtukania mama yake. Wengine hiyo klamidia hawajawahi hata kuisikia, na hao ni watu waliosoma biolojia mpaka kidato cha sita.

Siwalaumu. Ndivyo tulivyolelewa. Vituo vya Angaza vilianza mwaka 2001 chini ya AMREF, na Julai 2007, wakati sisi bado tuko shule ya msingi tunavaa kaptula, Rais Kikwete na mkewe Mama Salma walipima hadharani Dar es Salaam kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji. Mabango, nyimbo, maigizo ya redioni, vyote vilisema "pima". Mpaka leo mtu akisema "nimepima" hakuna anayemuuliza kama alipima malaria. Kitenzi kimeshajaa chenyewe, hakihitaji msaada.

Kampeni ile iliokoa watu, na anayebeza hilo hajui tulikotoka. Lakini ilituachia pengo ambalo hatulizungumzi. Tumeaminishwa kwamba ukitoka na karatasi moja nzuri, mwili mzima umeshakaguliwa.

Tuangalie hesabu kwanza, maana mimi ni mwandishi wa habari na bila namba mhariri wangu haniachii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu ya ngono: trikomonasi milioni 156, klamidia milioni 129, kisonono milioni 82 na kaswende milioni 7.1. Gawanya kwa siku za mwaka, unapata zaidi ya milioni moja kila siku. Na yote manne yanatibika! Hatuzungumzii kumeza vidonge maisha yote. Tunazungumzia dozi ya siku chache, na mengine hata dozi moja tu.

Sasa kama yanatibika, kelele za nini? Kelele ni kwamba mengi yamekaa kimya mwilini. Mwanaume akipata gono kwa kawaida anajua. Anakojoa huku analia, anaona usaha, anakimbilia duka la dawa. Mwanamke mara nyingi haoni kitu. Kwa klamidia ndiyo kabisa: wanawake wengi walio nayo hawana dalili yoyote, na wanaume wengi pia. Unakula, unasoma, unacheka, unapendeza kwenye picha, na mdudu anapanda taratibu kutoka mlango wa kizazi kwenda kwenye mirija. Huko anaacha makovu. Miaka ikipita ndipo hesabu inaletwa mezani: maumivu ya tumbo yasiyoisha, mimba inayotunga nje ya kizazi, au ugumba.

Na ugumba kwetu tunajua unavyohukumiwa. Mawifi wanaanza maneno. Mama mkwe anauliza kwa mafumbo. Mganga wa huyu, maombi ya yule. Mume anashauriwa na rafiki zake "jaribu nje uone". Hakuna anayeuliza maambukizi yalitoka wapi, na pengine aliyeyaleta ndiye anayesubiri mtoto kwa hasira.

Katika kazi zangu za kuandika habari nimewahi kukaa na dada mmoja, jina lake nalihifadhi, ambaye ana miaka 31 na ndoa ya miaka sita. Vipimo vilionyesha mirija yote miwili imeziba. Daktari alimuuliza kama aliwahi kuugua tumbo la chini alipokuwa binti. Akakumbuka: mwaka wa pili chuoni, wiki nzima ya maumivu chini ya kitovu na homa. Aliambiwa ni UTI, akapewa vidonge, yakapoa. Hakuna anayeweza kuthibitisha leo kilichokuwa kinamsumbua siku zile. Lakini alichoniambia nakikumbuka neno kwa neno: "Kaka yangu, kipimo cha ngoma nilikuwa napima kila mwaka. Nilijiona mjanja."

Hebu tuseme ukweli kuhusu hii UTI. Mjini hapa limekuwa jina la heshima. Mtu akiugua gono, anaugua UTI. Binti akitokwa na uchafu, ana UTI. Mke akimuuliza mume kwa nini anameza vidonge, ni UTI, "vyoo vya kazini hivi". Ugonjwa wa njia ya mkojo upo kweli na unatesa watu, lakini tumeufanya kuwa pazia. Nyuma ya pazia hilo mtu anajitibu nusu dozi ya dawa aliyoelekezwa na rafiki, na vijidudu vya kisonono vinazoea. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza sipro na dawa za jamii yake kwa kisonono. Usugu huo umetengenezwa na watu kama sisi.

Mtu atauliza: kwani hospitali zetu hazitibu magonjwa haya? Zinatibu, na kwa njia yenye historia ya kujivunia. Kuanzia mwaka 1991 watafiti walifanya kazi katika vijiji vya mkoa wa Mwanza. Vijiji vingine waliviboreshea tiba ya magonjwa ya ngono katika zahanati za kawaida, kwa kufundisha wahudumu na kuhakikisha dawa zipo. Vingine vikasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: kule tiba ilikoboreshwa, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40. Dunia ilisimama ikasikiliza. Mwanza, jamani!

Tiba ile ilifuata dalili. Mhudumu hahitaji maabara. Anakusikiliza, anafuata chati, anakupa dawa za magonjwa yote yanayoweza kuleta dalili hiyo. Kwa zahanati isiyo na hadubini hiyo ilikuwa akili kubwa, na mpaka leo inasaidia. Shida yake ni moja: mlango wake una ufunguo mmoja tu, dalili. Huna dalili, huingii. Na kwa wanawake chati yenyewe inayumba, kwa sababu uchafu ukeni mara nyingi unatokana na fangasi au mambo mengine yasiyohusiana na kisonono wala klamidia. Kwa hiyo binti mmoja anamezeshwa dawa za gono asiyo nayo, anarudi nyumbani akimshuku mpenzi wake, wakati mwenzake mwenye klamidia yuko bwenini anapaka rangi kucha, hajui lolote.

Basi ni nani katika nchi hii anapimwa kaswende bila kuwa na dalili? Mama mjamzito. Akifika kliniki anatolewa damu kidogo ya kidole, na siku hizi kuna kipimo kimoja kinachosoma virusi vya UKIMWI na kaswende kwa pamoja, majibu ndani ya dakika kama ishirini. Safi sana. Lakini hebu tafakari maana yake. Msichana wa miaka 19 lazima kwanza apate mimba ndipo tutake kujua kama ana kaswende. Na hata hapo tunampima hasa kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Yeye mwenyewe, kabla ya kuwa mama wa mtu, hatukuwa na habari naye. Kijana wa kiume ndiyo kabisa, labda amsindikize mwenzake kliniki.

Najua kuna watakaosema vijana hawa hawapaswi kuwa wanafanya ngono hata kidogo. Nawaheshimu, wazazi wangu wenyewe wamo humo. Lakini utafiti wa afya ya jamii wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Mimba haiji kwa upepo. Na wale wanaosema elimu peke yake inatosha, warudi tena Mwanza. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulipeleka elimu ya uzazi shuleni, huduma rafiki kwa vijana na kondomu vijijini. Tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2007 ilikuta ujuzi wa vijana umepanda vizuri, lakini maambukizi hayakupungua kwa kiwango cha kuonekana. Kujua ni hatua ya kwanza tu.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa kinashauri kila mwanamke wa chini ya miaka 25 aliyeanza kujamiiana apimwe klamidia na kisonono kila mwaka, awe na dalili au asiwe nazo. Huko Seattle utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wanawake walioitwa kupima klamidia walipata uvimbe wa viungo vya uzazi pungufu kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na wale ambao hawakuitwa. Uingereza walianza programu yao mwaka 2003 kwa vijana wa chini ya miaka 25, wavulana kwa wasichana. Mwaka 2021 wakaibadilisha: sasa nguvu kubwa iko kwa wasichana. Walisema wazi kwamba lengo ni kuzuia madhara ya ugonjwa usiotibiwa, na madhara hayo yanaangukia zaidi kwenye kizazi cha mwanamke.

Hapo pana somo, na naomba tusilirukie. Upimaji hauwezi peke yake kufagia klamidia mjini. Anayeahidi hivyo anauza maneno. Unachoweza kufanya ni kumkuta binti mapema kabla mirija yake haijaharibika. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha.

"Lakini hao ni matajiri, bwana." Sawa. Tuongee fedha. Mnazijua mashine za GeneXpert? Zimo katika hospitali zetu nyingi, zililetwa kwa ajili ya kifua kikuu. Mashine hiyo hiyo inaweza kupima klamidia na kisonono kwa mkojo, ndani ya saa moja na nusu hivi. Inahitaji vitendanishi vyake tofauti, na hivyo si vya bei ya karanga. Kwa hiyo siombi taifa zima lipange foleni kesho asubuhi. Naomba tuanze na mambo mawili.

La kwanza, kile kipimo cha pamoja cha kaswende na virusi vya UKIMWI kisiwe cha wajawazito peke yao. Kijana yeyote anayekwenda kupima ngoma apimwe na kaswende. Kidole ni kilekile, tone la damu ni lilelile, safari ni ileile. Na kaswende ikigundulika mapema inatibiwa na sindano ya penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu.

La pili, tuanze kupima klamidia na kisonono kwa wasichana wa chini ya miaka 25 kule ambako tayari wanafika: kliniki za uzazi wa mpango na zahanati za vyuo. Binti anayekuja kuchukua sindano ya miezi mitatu ameshatuambia kila kitu tunachohitaji kujua. Kwa nini aondoke bila kuulizwa?

Sasa ngoja niseme jambo linalonitia hofu, maana nchi hii tunajua kuharibu kitu kizuri. Wasichana wetu wana kumbukumbu mbaya na neno "kupimwa". Kwa miaka mingi shule nyingi ziliwapanga mstari na kuwapima mimba, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Binti aliyepitia mistari ile anajua kwamba kipimo ni mtego, na majibu ni ya mwalimu mkuu. Tukiuleta upimaji wa magonjwa ya ngono kwa mtindo huo, wa kuwavamia wanafunzi na kuwapeleka uwanjani kama mbuzi wa chanjo, tutakuwa tumeuzika siku ya kuzaliwa kwake.

Uwe wa hiari. Majibu yawe ya mwenye mwili. Dawa zipatikane palepale. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilishaweka msingi kwamba mtu halazimishwi kupima isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa, na marekebisho ya mwaka 2019 yakashusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kama taifa tumekubali kwamba kijana wa miaka 15 ana haki ya kujua hali yake kuhusu virusi vya UKIMWI, itakuwa ajabu kusema hana haki ya kujua kuhusu klamidia.

Halafu kuna lugha ya dirishani. Rafiki yangu mmoja alikwenda zahanati moja akiwa na tatizo, akaandikisha vizuri, akakaa benchi. Nesi akatoka na faili mkononi, akaita mbele ya watu wazima na mama zao: "Yule kijana wa sehemu za siri yuko wapi?" Jamaa aliinama kana kwamba anafunga kamba za viatu, akatoka mdogo mdogo mpaka barabarani. Alivaa ndala. Siku hiyo alijitibu duka la dawa. Tukicheka tukimaliza, tujiulize ni wangapi wametoka mlango uleule. Mashine ya mamilioni haina kazi kama aliyesimama mbele yake anaita hivyo.

Wanaume wenzangu, hapa nataka tuongee peke yetu. Sisi ndio wenye bahati ya kuumwa tukajua. Tunawaka moto, tunachomwa sindano, tunapona, tunanyamaza. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuchukua simu na kumwambia binti, "Nenda ukatibiwe, mimi nimekutwa na kitu"? Tunaona aibu. Tunaogopa ataanza kuuliza nani kampa nani. Basi tunamwacha. Na kama bado tuko naye, anatuambukiza tena kile tulichompa, tunarudi kwa muuza dawa tukilalamika kwamba dawa za siku hizi ni feki. Kumtibu mmoja na kumwacha mwenzake ni kutwanga maji kwenye kinu. Wamarekani wanajua hilo, ndiyo maana wanashauri aliyetibiwa klamidia apime tena baada ya miezi mitatu hivi. Ujumbe mmoja wa simu unaweza kuwa ndio tofauti kati ya dada wa mtu kupata mtoto na kukosa. Ni senti ngapi hizo?

Na hili neno "safi" nalo tuliangalie. Kama asiye na maambukizi ni safi, mwenye nayo ni nani? Mchafu? Nani basi atataka kwenda kupima ili atangazwe mchafu? Aliyeugua malaria hatumwiti mchafu, tunamuuliza kama amemaliza dozi. Kisonono ni bakteria, klamidia ni bakteria, kaswende ni bakteria. Hawajui kama una digrii, hawajui kama unaimba kwaya.

Kwa hiyo wiki hii ukienda kupima, mwambie mhudumu unataka na kaswende. Muulize kama klamidia na kisonono wanapima, na kama hawapimi, wapi wanapima na kwa shilingi ngapi. Usiulize kwa kunong'ona. Huduma ambayo hakuna anayeidai hakuna atakayeipangia bajeti, na mimi kwenye vikao vya bajeti ya afya ninavyoviandikia habari sijasikia vijana wakiidai hii.

Wauguzi na madaktari mnaopita hapa, mtusahihishe na kutuongezea: kwenye vituo vyenu kipimo cha klamidia kipo? Kinagharimu kiasi gani? Kijana akija peke yake anapokelewaje? Tuandikieni, hata bila majina. Majibu yenu nitayakusanya na kuyapeleka kwa wenye kupanga.

Naomba kutoa hoja.